Hukumu ya Kivulini

Nchi yetu sina haja ya kuitaja jina. Waliomo wanaijua, na wasiomo wamshukuru Mungu kimyakimya, wasituudhi. Kubwa la kujua ni kwamba ni nchi ya utaratibu. Nasikia ziko nchi nyingine ambako polisi wakimpiga mtu risasi, watu hukaa wiki nzima wanaulizana: alikuwa nani, alifanya nini, alishika nini? Sisi hatuna muda wa kuchezea namna hiyo. Kwetu taarifa ya polisi husomwa redioni kabla ya tukio.

Msishangae. Zamani nasi tulikuwa washamba. Tukio lilikuwa linatangulia, taarifa inafuata, na ikichelewa kidogo tu watu wanaanza maneno. Huyu kaona hivi, yule kaona vile, mradi fujo. Aliyetutoa gizani ni Kamanda Mwakisopo, alipohamishiwa wilayani kwetu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuandika juu ya mlango wa kituo, kwa rangi nyeupe na herufi za kuonekana toka sokoni: LISEMWALO LIPO, NA KAMA HALIPO LAJA. Tangu siku hiyo taarifa ya polisi haijawahi kukosea.

Mimi ni mtangazaji wa serikali. Nina kipaza sauti cha mkononi, kile cheusi, na spika mbili zilizofungwa juu ya pikapu kuukuu. Maji yakikatika, ni mimi. Chanjo ikija, ni mimi. Mtu akifa, ni mimi pia. Watu wananiita Kipaza, na nadhani wengi hawajui kama nina jina jingine. Sina kinyongo, kazi ni kazi.

* * *

Jumapili ile mchana nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Redio ikakatiza muziki. "Jambazi sugu ameuawa katika majibizano ya risasi na polisi, barabara ya Machinjioni, akiwa na silaha ndefu begani." Kinyozi akazima mashine, tukasikiliza kwa heshima. Mmoja wetu akasema alhamdulillahi, usalama umeimarika.

Wakati huohuo akapita dirishani Shomari Ngwali, anatoka harusini, mwiko wake begani.

Ambaye hamjui Shomari labda hajawahi kualikwa popote. Alikuwa mpishi wa shughuli. Akioa mtu, anapika Shomari. Akifa mtu, anapika Shomari. Sufuria zake ungeweza kumwogeshea mtoto, na ule mwiko ulikuwa wa mninga, mrefu kama mpini wa jembe, umeng'aa kwa mafuta ya miaka. Kazini hapendi kuzungumzishwa. Akishapakua tu anakuwa mtu mwingine, mcheshi, anawatania mpaka wafiwa. Na hakuna shughuli aliyopika bila kumwekea ukoko Mzee Pandu. Huyu Mzee Pandu ni kiziwi wetu wa mtaa. Hakosi msiba wala harusi, na hasikii ni ya nani. Anakaa karibu na moto, na watu wakishaanza kula anauliza kwa sauti ya kiziwi, yaani kwa kelele: "Mpishi yuko wapi?" Hapo Shomari anakuja na sahani ya ukoko, na watu wanacheka.

"Kipaza!" Shomari akaniita dirishani. "Mbona kichwa nusu? Hela imekuishia?"

"Namalizia, fundi. Harusi vipi?"

"Wamekula mpaka wamemsahau bwana harusi."

Akaenda zake. Alikuwa anaelekea barabara ya Machinjioni, maana ndiko kwake. Tulimwangalia hadi akakata kona, na kinyozi akawasha mashine. Kabla hajamaliza upande wa pili tukasikia milio ya risasi.

Baadaye jioni Kamanda Mwakisopo alitoa ufafanuzi, maana kuna watu wachache walitaka kujua hayo majibizano yalikuwaje wakati marehemu hakuwa na bunduki. Kamanda hana hasira na wajinga. Akaeleza taratibu: "Sisi tulitoa risasi, yeye akapokea. Mmoja anatoa, mwingine anapokea. Mnataka majibizano gani zaidi ya hayo?" Mtu mwingine akauliza mbona risasi zimeingilia mgongoni. Kamanda akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ndiyo mjue alikuwa mtu hatari. Alikuwa anatushambulia kinyumenyume."

Mimi niliumia. Sitaficha. Shomari ndiye aliyepika harusi yangu, na siku mama yangu alipofariki alipika akakataa malipo, akasema nikipata kuku nimletee. Nilirudi nyumbani na kichwa kimenyolewa vizuri nikakaa kitandani. Mke wangu akaniuliza kuna nini, nikashindwa hata kumwambia, mimi ambaye kazi yangu ni kutangaza.

* * *

Sasa lazima niwaeleze sheria, la sivyo mtadhani tunaishi kiholela.

Kwetu aliyepigwa risasi na polisi hazikwi mpaka umma umeamua alikuwa nani. Sheria inaitwa Maoni Kwanza. Umma ukishaamua, neno ulilolichagua husomwa kwa kipaza sauti nyumbani kwa marehemu, watu wakisharudi kutoka makaburini na kabla hawajapakuliwa chakula, kwa sababu wataalamu wamegundua kwamba hapo ndipo hakuna mfiwa anayeondoka. Kisha neno hilohilo huandikwa kwa rangi kwenye mlango wa nyumba. Rangi inatolewa bure na serikali. Mlango ukiandikwa JAMBAZI, watoto wa nyumba ile ni watoto wa jambazi shuleni, kisimani na posani, na hakuna mvua iliyowahi kuifuta rangi ile. Ni rangi nzuri sana, ya nje.

Wiki nzima ya maoni redio ilikuwa wazi kwa wananchi. Nilikuwa nikisikiliza nikifuta spika zangu.

"Kama hakuwa jambazi, kwa nini alikimbia?" akauliza mmoja.

"Hakukimbia," akajibiwa.

"Basi ndiyo nauliza, kwa nini hakukimbia? Mtu mwema akiona bunduki hukimbia!"

Mama mmoja akasema yule bwana alikuwa anaamka kabla ya adhana kwenda kwenye nyumba za watu na visu, eti kuchinja ng'ombe. Mwingine akataja zile sufuria: sufuria kubwa namna ile mtu anaficha nini? Mwanamume mmoja wa mkoa wa mbali, huko ambako hata mvua yao si yetu, alisema, "Mimi simjui, sijawahi kumwona, na ndiyo maana siwezi kumpendelea. Jambazi." Mtangazaji wa redio akampongeza kwa uadilifu wake.

Kilichonikata maini ni jirani yetu kabisa, mtu wa mlango wa tatu toka kwa Shomari. Nilimtambua sauti. "Pilau yake nimekula sana," akasema, "na sisemi uongo, ilikuwa tamu kupita kiasi. Siku zote nilikuwa najiuliza, iliki yote ile anaitoa wapi?"

* * *

Mjane wa Shomari anaitwa Bi Saumu. Ni mwanamke mfupi, hana maneno mengi. Siku ya nne alikuja kuniomba nimsindikize kituoni, kwa kuwa mimi nafahamika. Nikaenda. Kufahamika kwangu kulisaidia, tulipewa benchi.

Kamanda alitupokea vizuri, akatoa pole, akaagiza maji. Bi Saumu hakuyanywa.

"Baba Kamanda," akasema, "mume wangu alishika mwiko. Mmeuchukua nyinyi wenyewe, uko kwenye sanduku lenu la ushahidi. Mimi siombi kingine. Fungueni tu watu wauone kabla hawajahukumu."

Kamanda akashtuka, akageuka kutazama kama mlango umefungwa. "Mama, punguza sauti! Unataka kuvuruga maoni ya umma kwa ushahidi?"

"Sivurugi, baba. Nataka waone."

"Sikiliza nikueleweshe. Tukilifungua sanduku kabla, watu watahukumu kwa kuutazama ushahidi. Sasa wale ambao hawatapata nafasi ya kuutazama, je? Wao si wananchi? Ndiyo maana haki inataka wote wahukumu bila kuona. Sanduku hufunguliwa baada ya hukumu, mbele ya kila mtu, hatufichi kitu."

Bi Saumu akaisogeza kando ile glasi ya maji. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

"Naam!" Kamanda akafurahi. "Hiyo methali hapa tunaitekeleza kwa awamu, mama. Awamu ya kwanza imeshakamilika."

Tulipotoka nje alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akanigeukia.

"Shemeji, mimi sitaki fidia. Wala sitaki yule askari afungwe, naye ana mama yake. Shomari harudi. Lakini tangazo la msibani najua utasoma wewe. Siku hiyo sema alikuwa mpishi. Neno moja tu. Binti yangu Mwanahawa anaanza darasa la kwanza Januari. Sitaki aende shule na lile neno jingine mgongoni."

"Shemeji, hukumu bado."

"Hukumu naijua, shemeji. Na wewe unaijua."

Nikamwambia nitaangalia. Kwetu "nitaangalia" ndiyo namna ya heshima ya kusema siwezi. Kila mtu anaijua. Yeye akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kama nimekubali.

* * *

Hukumu za umma hufanyika Uwanja wa Wengi Wape. Upande mmoja pana turubai, viti na soda za baridi. Upande wa pili hapana kitu ila jua, na kando ya uzio pameota upupu. Anayeona marehemu alikuwa jambazi anakaa kivulini. Anayeona hakuwa jambazi anasimama juani, na askari mmoja anapita kumpiga picha ya kumbukumbu. Hakuna anayelazimishwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyetangaza: "Wananchi, kila mmoja yuko huru kuchagua upande." Nilisema hivyo mara tatu, na kila mara nilipolitamka neno huru wale wa nyuma walikuwa wanasukumana kuwahi viti.

Bwana harusi wa ile Jumapili, yule aliyesahauliwa na wageni, alianza kuelekea juani. Niliona kwa macho yangu. Alifika katikati ya uwanja, mkewe mpya akamfuata akamvuta shati, wakasimama pale wananong'onezana. Mwamuzi aliyekuwa akihesabu watu akapuliza filimbi, akawaambia katikati hapahesabiwi. Wakarudi. Walipewa soda mbilimbili.

Mzee Pandu naye alikuja. Aliona turubai na watu wengi akadhani ni shughuli, akatafuta kiti cha mbele, akakaa, akahesabiwa. Na meza yangu ilikuwa kivulini, kwa sababu jua linaharibu spika. Nami nikahesabiwa.

Juani walisimama Bi Saumu na Mwanahawa. Mtoto kisheria hahesabiwi.

Mheshimiwa Waziri wa Maoni ya Umma, aliyesafiri kutoka makao makuu kwa ajili yetu, akasimama kutoa neno. Ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba. "Ndugu wananchi! Leo mmeionesha dunia kwamba macho ya wengi hayahitaji kuona! Wengine huko nje wanapoteza miaka mahakamani wakipima risasi kwa darubini. Sisi tumemaliza kabla ya chakula cha mchana! Marehemu ametendewa haki ambayo wengi walio hai hawajaipata!" Tukapiga makofi. Niliona Bi Saumu amemvisha mtoto khanga kichwani.

Kisha likaletwa sanduku, kwa utaratibu, sasa ushahidi unaruhusiwa. Kamanda akavunja lakiri, akainua kifuniko, akaingiza mkono.

Akatoa mwiko.

Ulikuwa uleule wa mninga. Punje za pilau zilikuwa zimekaukia kwenye ncha. Uwanja mzima ukapata harufu ya bizari na iliki, au labda ni mimi tu niliyedhani hivyo, lakini niliona watu wanameza mate, hata Waziri. Yule jirani wa mlango wa tatu alikuwa anachungulia ndani ya chupa yake ya soda. Kwa muda ule mfupi nilidhani, na Mungu anisamehe ujinga wangu, kwamba mambo yatabadilika.

Waziri akauangalia ule mwiko, akamwangalia Kamanda, akatuangalia sisi. Akakohoa.

"Ushahidi huu," akasema, "umekosa nidhamu."

Tukapumua.

"Umma umeshasema. Maelfu ya wananchi watiifu wamekaa kivulini tangu asubuhi. Na huu, mti mmoja tu, uje hapa na la kwake? Unajiona nani?" Akaagiza mwiko uwekwe ndani mpaka ujirekebishe. Seremala wa serikali akapewa wiki mbili kuufungia mtutu na kifyatulio. Na ili jambo kama hili lisijirudie, kuanzia siku ile miko yote inayozidi urefu wa mkono ikabidhiwe polisi.

* * *

Tulimzika Alhamisi ya wiki iliyofuata. Watu walijaa, maana watu wetu ni wakarimu kwa maiti. Tuliporudi kutoka makaburini tukakaa kwenye mikeka uani, wanawake ndani, na vijana wanne walikuwa wameikodolea macho sufuria mojawapo ya Shomari, wanahangaika na wali. Miko imeshakabidhiwa, kwa hiyo walikuwa wanaugeuza kwa mti wa ufagio. Harufu ya kuungua ilifika mpaka barabarani.

Kamanda Mwakisopo alikuwepo. Alikuja kutoa pole na kusimamia. Nyuma yake askari wawili walikuwa wameshika ndoo ya rangi na brashi.

"Kipaza," akaniambia, "soma, watu wana njaa."

Nikasimama karibu na mlango. Kwenye dirisha la chumbani, nyuma ya pazia, nilijua nani amekaa. Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimefikiri sana, nikawaza nitasoma vizuri mpaka nifike kwenye neno lile, kisha nitakohoa. Ndiyo ushujaa wote nilioupata ndani yangu: kikohozi.

"Umma umeamua," nikasoma, "kwamba marehemu Shomari bin Ngwali, mkazi wa barabara ya Machinjioni, alikuwa..."

Nikakohoa. Nilikohoa vizuri, kikohozi kirefu cha kifua. Neno lilipita katikati ya kikohozi na nikadhani halikusikika.

"Halikusikika," akasema Kamanda. "Rudia. Na safari hii taratibu."

Nikarudia. Taratibu. Lilitoka kwenye spika zote mbili likagonga ukuta wa machinjio likarudi, kwa hiyo kwa jitihada zangu za kumsaidia Bi Saumu lile neno lilisikika mara mbili. Askari wakafungua ndoo.

Sahani zikaanza kupita. Wali ulikuwa mbichi juu, chini umeungua, na watu wakala wakitazama chini. Mzee Pandu alikuwa kwenye nafasi yake, karibu na moto. Alionja, akakunja uso, akageuza shingo huku na huku. Kisha, kwa sauti yake ileile ya siku zote, akauliza:

"Mpishi yuko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mikono ikasimama kwenye sahani. Yule askari mwenye brashi alikuwa ameandika JAM, akaacha hapo, hajui kama aendelee.

"Nauliza mpishi! Wali gani huu? Mpishi wenu yuko wapi leo?"

Pazia likasogea, kisha mlango ukafunguka, Bi Saumu akatoka. Kwetu mjane hatoki mbele za wanaume siku ile, lakini alitoka. Akapita karibu yangu, akainama kwenye sikio la mzee, akasema kwa nguvu ili asikie:

"Baba, mpishi tumemzika leo."

Sauti ikatoka kwenye spika zote mbili. Sikuwa nimezima. Msinitukuze bure, sikuacha kusudi. Macho yangu yalikuwa kwenye ile brashi, nikasahau. Mpishi tumemzika leo ikafika sokoni, ikafika kituoni, ikafika kwa wale waliojifungia ndani wakisema wana mafua.

"Mpishi nani?" Mzee Pandu akauliza. "Shomari? Shomari wangu?" Akaweka sahani chini. "Kafa lini? Mbona hamkuniambia? Nimekaa hapa toka asubuhi namngoja aniletee ukoko wangu!" Naye pia spika zikamchukua. Akaanza kulia kama mtoto, mzee yule, mikono kichwani, anageuka kwa kila mtu. "Kafaje? Enhe? Nani kamuua?" Alimkazia macho Kamanda, kwa sababu tu Kamanda ndiye aliyekuwa karibu.

Sisi tulikuwa watu wengi mno uani pale. Kama kila mmoja angesema neno moja lingekuwa jambo kubwa. Tuliangalia wali.

Kamanda akaja kwangu. Hakuwa na hasira. Akaniwekea mkono begani, akakitazama kipaza sauti changu, akarudi nyuma hatua kadhaa, akakitazama tena huku amefumba jicho moja.

"Kipaza," akasema kwa upole, "hicho kitu ulichoshika, kwa mbali, kinafanana na bastola."

"Ni kipaza sauti, Kamanda. Unakijua."

"Nakijua. Nasema kwa mbali."

Kisha akamwambia askari amalizie kuandika mlango.

* * *

Hiyo ilikuwa juzi. Leo asubuhi nilikuwa nakunywa chai na mke wangu. Redio ikakatiza muziki. "Jambazi sugu ameuawa katika majibizano ya risasi na polisi, barabara ya Sokoni, akiwa na silaha nyeusi fupi mkononi." Mke wangu akaniangalia, kikombe chake kikabaki hewani. Nikaenda kuchungulia. Barabara ya Sokoni ilikuwa nyeupe, mama mmoja tu anafagia mbele ya duka.

Ningeweza kukaa ndani. Mke wangu ananiambia nikae ndani, analia, anasema nipitie dirisha la nyuma niende kwa wajomba zake. Lakini taarifa imesema barabara ya Sokoni, na mimi mwenyewe miaka yote nimezisoma taarifa, sijawahi kuona iliyokosea. Nimejaribu kufikiri nitamlalamikia nani, nimemkosa. Sanduku wanalo tayari, hukumu watatoa watu walewale, na kivuli ni kilekile. Yule jirani wa mlango wa tatu toka kwa Shomari sasa hivi nimemsikia kwenye redio anasema siku zote alikuwa anajiuliza sauti kubwa namna ile mimi naitoa wapi.

Nimemtuma mtoto wa jirani mbio kwa Bi Saumu. Nimemwambia amwambie hivi: shemeji, siku yangu ikifika, tafadhali waambie nilikuwa mtangazaji. Neno moja tu. Mtoto amerudi anahema. Amesema amemkuta Bi Saumu anausugua mlango kwa mchanga na maji, na rangi haitoki.

"Kasemaje?" nikamuuliza.

"Kasema ataangalia."

Gari la polisi limesimama nje. Kamanda Mwakisopo ameteremka mwenyewe, amebisha hodi kwa adabu, amemsalimia mke wangu, ameuliza kama niko tayari. Nimemwambia navaa viatu. Amesema nisiharakishe, na amenikumbusha nisije nikasahau kipaza sauti.